Sufuria ya Shangazi na Kazi ya Usanifu Mkuu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Homa imekuachia? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Mimi mzima, ila goti. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani: yeye ameshika kalamu, mimi nimeshika mdomo. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Tangu uniambie umeitwa kwenye usaili Ijumaa, kukaa sikaliki. Nafagia palipokwisha kufagiwa. Juzi nilitia chumvi kwenye chai, babu yako akainywa yote kwa kuniogopa.

Lile tangazo la kazi nimesomewa, nikarudiwa. Msanifu Mkuu wa Shughuli za Kampuni. Shahada unayo. Cheti cha usanifu unacho. Miaka kumi kazini imetimia. Kuchora kila idara inafanya nini na inamkabidhi nani, hiyo ni damu yako. Lakini wanataka pia mtu anayeweza kuwabadilishia watu kazi bila kuwapoteza. Hapo, mama, moyo ukanilipuka.

Unakumbuka harusi ya kaka yako? Ulibandika ukutani mchoro mzuri, nani apike, nani apakue. Shangazi yako, msimamizi wa sufuria kubwa katika kila shughuli ya ukoo huu, ukamweka mlangoni apokee wageni. Hukumuuliza. Akapendeza, akakaa mlangoni, akanuna. Jikoni nani athubutu kugusa mwiko wake? Wali ukaungua chini, juu mbichi. Na mpaka leo hamsemezani.

Wakikuuliza Ijumaa ni mpango gani wako uliwahi kuharibika, najua utatoa wa ofisini, uliokwisha kuupiga pasi. Usitoe. Toa huu. Ila huwezi kuusimulia kwa moyo mweupe na shangazi yako bado amenuna. Mpigie. Muombe radhi, kisha muulize jiko lile yeye angelipangaje, halafu unyamaze! Kunyamaza hukufundishwa chuoni.

Jana nilimtajia usaili wako. Akasema, "Mimi mlinzi wa mlango, yanihusu nini?" Akainuka kuondoka. Alipofika kizingitini akageuka: "Ijumaa saa ngapi?"

Babu yako anakusalimu, na kaka yako na mkewe. Mungu akutangulie kwenye chumba hicho, akupe ulimi, na masikio akuzidishie.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako.

Fundi anasema shangazi yako amepita tena dirishani, simu mkononi. Piga, mtoto.