Mifuko Saba ya Kitambaa cha Pazia

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja. U mzima? Mgongo umetulia, au bado unabeba vyuma kama mtu aliyepewa migongo miwili? Unakula vizuri? Usinijibu kwa mkato kama kawaida yako, kwamba hujambo na unakula. Niambie unakula nini na nani anapika.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kulia linalalamika kila nikikanyaga pedali ya cherehani, lakini tumeshazoeana. Bati lililokuwa likivuja juu ya kabati limezibwa. Kinyozi wa pale kona alipanda mwenyewe, na kitambi chake chote, sisi wengine tukasimama chini tukimwombea dua.

Chiriku wetu yuko darasa la tano. Sketi niliyomshonea Januari imeshapanda juu ya magoti, na pindo nimelishusha mpaka hakuna tena cha kushusha. Mdomo ndio uleule. Juzi mteja aliyekuja kuchukua gauni aliniuliza kama huyu mtoto ana swichi mahali, nami nikamwambia naitafuta mwaka wa kumi na moja huu.

Sasa kaa chini usome polepole, maana nina jambo la kukiri.

Siku ile unaondoka, miaka minne iliyopita, tulisimama mimi na wewe nyuma ya nyumba tukakubaliana kwamba Chiriku, mtoto wa marehemu dada yako, hataambiwa kwa nini anakunywa vidonge kila jioni mpaka utakaporudi, ili tumwambie pamoja. Mpaka hapo tutasema ni dawa ya kifua. Nimevunja ahadi hiyo. Nimemwambia bila wewe, na nataka ujue ilivyokuwa kabla hujanikasirikia.

Mwezi wa tatu alipimwa damu kliniki kama kawaida. Majibu yalipotoka, nesi aliniita pembeni akaniambia virusi vimeongezeka, na si kidogo. Akaniuliza kama mtoto anameza dawa. Nikamjibu anameza mbele ya macho yangu, saa moja jioni, bila kukosa. Nilijibu kwa kiburi kidogo, nakwambia kweli, kana kwamba nimetukanwa.

Wiki ileile nilikuwa nachomeka pini kwenye ule mto wa pini mwekundu wa marehemu mama, pini ikagota. Nikajaribu upande mwingine, ikagota tena. Nikaugeuza. Chini kulikuwa na mshono mpya wa mkono, umefuatana vizuri kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nikaufumua, nikakuta vidonge ishirini na tatu ndani ya pamba.

Nilimuuliza kwa ukali. Hakuogopa. Aliniangalia tu kama mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

"Mama mkubwa, kifua changu kimepona," akasema. "Sijakohoa tangu darasa la tatu. Kwa nini ninywe dawa ya kitu kilichokwisha?"

Ona sasa, mdogo wangu. Tulimtungia uongo, naye akaufuata kwa akili zake timamu mpaka ukamfikisha pabaya. Nilimwambia nesi ndiye anayejua, kisha nikaingia jikoni nikafungua redio kwa sauti ili asinisikie nikilia. Tangu siku hiyo nikawa namtaka afungue mdomo na kuinua ulimi kila jioni, kama askari anayekagua mizigo. Alikuwa anameza, lakini alikuwa ananichukia kidogo kidogo, na mimi niliona.

Unakikumbuka kikundi chetu, wale waliofua mashuka ya marehemu dada yako alipokuwa hawezi kuinuka. Ulipoondoka tulikuwa nyumba nne, sasa tuko saba, na kila nyumba ina mtu anayekunywa dawa hizi. Kila mwezi mmoja wetu huenda kliniki kuchukua za wote, ili wengine wasikose kazi. Mgonjwa akilala, tunagawana: huyu apike, yule apeleke watoto shule. Na Jumamosi tunakutana hapa kwangu, kwa sababu chumba cha fundi hakimshangazi mtu. Kila anayeingia anaonekana amekuja kupimwa nguo. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti, ameshapimwa suruali moja mwaka wa tatu sasa na haijawahi kumtosha.

Niliwapelekea habari ya mto wa pini. Hakuna aliyenilaumu. Nesi, ambaye hupitia hapa akitoka zamu, alisema mtoto anayeweza kufikiri hivyo anaweza kuambiwa, na asipoambiwa ataacha tena siku nitakayochoka kumkagua ulimi. Aliniambia wazi kwamba akiendelea kuruka dozi, dawa hizi zitaacha kumfaa. Mimi nikang'ang'ania ahadi yetu. Nikasema nasubiri mdogo wangu arudi. Kinyozi akaniuliza unarudi lini. Nikamwambia mwaka kesho. Akaniuliza kwa upole mwaka jana nilijibu nini, nami nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Katikati ya hayo ikaja zamu yangu ya kuchukua dawa. Wajua vile vichupa vinavyolia ukitembea navyo, mtu wa pili barabarani anajua umebeba nini. Kila mmoja wetu ana mbinu zake: huyu anajaza pamba, yule anafunga na soksi. Basi nikawaza, fundi wa nini mimi? Nilikuwa na kipande kikubwa cha kitambaa cha pazia, kijani chenye maua ya njano, kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Nikashona mifuko saba midogo, ndani nimetia sponji, mdomoni kamba ya kuvuta. Ukitikisa, hakuna kinachosikika. Niliwagawia na dawa zao ndani, nikasifiwa mpaka nikaona aibu. Watu wazima wote wale, wenye uzoefu wa miaka mingi wa kuficha, hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba nimewashonea sare.

Aliyegundua ni Chiriku.

Mwalimu wake wa hesabu ni mwenzetu. Amenipa ruhusa nikuandikie hili. Haji Jumamosi, kwa kuhofia wazazi wa wanafunzi, kwa hiyo kinyozi humpelekea dawa zake zikiwa chini ya taulo. Jumatano moja mwezi uliopita alimtuma mtoto chaki kwenye droo ya meza yake, akasahau kwamba mfuko umo humohumo. Mtoto akafunga droo, akaleta chaki, akakaa. Alipofika nyumbani alisimama mlangoni, mkoba bado mgongoni.

"Mwalimu ana mfuko kama wangu," akasema. "Kinyozi anao, niliuona penye nyembe. Wote wana kifua?"

Nilimwambia tutaongea Jumamosi. Alivua viatu akaingia ndani, na kuanzia hapo hakunisemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Ile swichi tuliyokuwa tukiitania, ilizimwa, na nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Jioni ile nilikwenda kwa kinyozi nikamwomba amfikishie mwalimu msamaha wangu, kwa sababu ujinga wangu wa kushona ndio uliomtoa hadharani. Nilidhani ataomba uhamisho. Usingizi wangu siku zile tatu usiulize.

Jumamosi, mchana kweupe, mwalimu akaja. Alipita mlango wa mbele, mfuko wake wa maua ya njano mkononi, si kwenye mkoba. Akawasalimia wote kama mtu anayekuja kila wiki, akavuta kigoda akakaa karibu na Chiriku. Alinitazama tu, kunionyesha kwamba yeye amefanya lake na limebaki langu.

Basi nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanitoroka. Nilimwambia mama yake alikuwa na virusi vya Ukimwi, na yeye alizaliwa navyo. Kwamba si kosa la mama yake wala lake. Kwamba vidonge vinavifanya vilale, na siku zile vidonge vilipokuwa kwenye mto wa pini, virusi vilianza kuamka. Kwamba akimeza kila siku atakua, atasoma, ataolewa akitaka, atazeeka na kulalamikia goti kama mimi. Nesi alinisaidia pale niliposhindwa. Nikamalizia kwa kumwomba msamaha kwa habari ya kifua, wangu na wako.

Akachezea kamba ya mfuko wake. Kisha akauliza nani anajua. Nikamwambia: mimi, nesi, hawa walio humu chumbani, na mjomba wako.

"Mjomba alijua lini?"

"Tangu ulipozaliwa."

Akafikiri. "Na tulikuwa tunakunywa chai kikombe kimoja, mimi na yeye?"

"Kimoja. Kile cha bluu."

"Na aliyekuwa anamalizia ni nani?"

Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia alikuwa anachovya mkate mpaka unamomonyoka ndani, na wewe ulikuwa unamalizia chai pamoja na makombo yote, huku ukilalamika kwamba umepewa uji. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa kwikwi, kichwa mapajani kwangu, na mimi nikalia, na kinyozi akatoka nje akisema anaangalia mvua, na jua lilikuwa linawaka.

Saa moja jioni alikwenda mwenyewe kuchukua maji. Mwalimu alikuwa hajaondoka. Naye akatoa kidonge chake, wakahesabu mpaka tatu kwa sauti ya darasani, wakameza pamoja. Sikumkagua ulimi siku hiyo, na sijamkagua tena.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Atapimwa damu tena mwezi wa nane, na mpaka hapo moyo wangu uko juu juu. Kuna siku anaamka amenuna, hataki shule. Siku moja aliniuliza mama yake alijisikiaje alipojua. Lakini amerudi kuongea, na Jumamosi anakaa na watoto wawili wadogo wa kikundi, anawafundisha kuruka kamba. Hao bado wanaambiwa ni dawa ya tumbo. Ameshawaonya mama zao kwamba watafute maneno mengine mapema.

Mifuko nimeifumua, nimeshona mingine, kila mmoja kitambaa chake. Isipokuwa miwili. Mwalimu alikataa kurudisha wake, na Chiriku naye akakataa, wakasema wamezoea maua.

Shangazi anakusalimu sana, anasema umemsahau. Kinyozi anakusalimu na kukukumbusha kwamba nywele zako alikuwa anazijua yeye peke yake. Nesi na mwalimu wanakusalimu ingawa hamjuani, maana habari zako wamezisikia mpaka zimewachosha. Nisalimie yule mwenzako anayekukopesha blanketi. Mungu akulinde mgongo, macho na moyo, akurudishe kwetu ukiwa na meno yote.

Barua hii nimemsomea Chiriku tangu mwanzo mpaka hapa kabla sijaifunga, kwa sababu katika nyumba hii mambo yake hayasemwi tena bila yeye. Amenisahihisha mahali pamoja. Anasema vidonge havikuwa ishirini na tatu, vilikuwa ishirini na sita, na vitatu vilimwangukia chini ya cherehani. Nimevitafuta, vipo.

Halafu ametaka niongeze hili. Habari ya kikombe amenisikia mimi nikiisema, na mimi ndiye niliyemwambia pia habari ya kifua. Kwa hiyo hana uhakika. Anataka umwandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa jina lake juu ya bahasha, umwambie kama ulikuwa unajua kweli wakati ule unamalizia chai, au mama mkubwa amemdanganya tena. Nimempa neno langu kwamba utajibu. Kikombe cha bluu amekitoa nyuma ya kabati, amekiosha, amekiweka dirishani, na amekataza mtu yeyote kukitumia mpaka barua yako ifike.

Mjibu yeye, mdogo wangu. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Aliyekubeba mgongoni na anayekupenda hadi leo,

Dada yako mkubwa