Maziwa ya Maboga kwa Mama Nelima

Jumatatu, 6 Oktoba

Maziwa yamechemka saa moja asubuhi. Uji wa wimbi nimeuchuja mara mbili. Beatrice amekunywa vijiko sita, kisha akafunga mdomo. Nimeandika sita kwenye daftari la kliniki.

Naandika hali ilivyo ili nisijidanganye baadaye. Mke wangu ana uvimbe kwenye umio, yaani ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Kinachopita ni majimaji tu, tena polepole. Mionzi itaanza tena tarehe 23, kwa sharti moja: mizani isionyeshe chini ya kilo arobaini. Chini ya hapo mwili hauwezi kustahimili, asema daktari, na wataahirisha. Alhamisi iliyopita alikuwa kilo arobaini na moja na nusu. Mwaka jana mwanamke huyu alikuwa akijitwika debe la mahindi bila kuniita.

Mchana alinyoosha kidole kwenye rafu. Kuna chupa nyeupe pale, ya plastiki, anayowekea mbegu za mrenda. Sauti yake siku hizi ni mnong'ono tu.

"Ile ya Nelima," akasema. Halafu tena, "Ile ya Nelima."

Wiki tatu hajaomba kitu chochote. Leo ameomba.

Jumanne, 7 Oktoba

Nelima ni binti yetu wa pekee. Yuko Amerika. Alipokuja nyumbani miaka mitatu iliyopita alileta chupa hiyo ikiwa imejaa krimu ya kahawa yenye ladha ya maboga na viungo. Beatrice aliinywa kila asubuhi hadi ikaisha, akaiosha chupa, akaihifadhi. Hapa kwetu kahawa hulimwa na kuuzwa, tunachokunywa ni chai. Ndiyo maana nakumbuka.

Nimezunguka supamaketi tatu mjini. Katika ya tatu msichana wa rafu alinitazama kwa huruma.

"Mzee, ya vanila iko. Ya malenge? Kwani siku hizi malenge inawekwa kwa kahawa?"

"Huko Amerika, ndiyo."

"Basi hao wanakula vizuri kutushinda, ama wamechanganyikiwa."

Jioni nimempigia Nelima nikiwa langoni. Huwa napiga simu langoni. Mtandao ni mzuri pale, na Beatrice hasikii. Ni sheria niliyoiweka mwenyewe Agosti, baada ya simu moja ambayo walilia wote wawili hadi Beatrice akakohoa damu. Tangu siku hiyo habari zote hupitia kwangu. Nazipeleka zikiwa zimepangwa vizuri.

Nelima asema tunaweza kuitengeneza wenyewe. Huko kwao sasa ni msimu wa majani kupukutika, na kila duka linanukia mdalasini. Somo hilo nililifundisha miaka mingi kwa chungwa na taa: dunia imeinama, upande mmoja ukilikabili jua mwingine unapoa. Sisi tulio karibu na ikweta hatuoni tofauti. Oktoba yetu ni mahindi kukauka shambani na mvua kidogo.

Hawezi kuja. Karatasi zake za kuishi huko zinafanywa upya, na akitoka kabla hazijakamilika huenda asiruhusiwe kurudi. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Kila siku analisha mama za watu kwa kijiko. Nimelifikiria jambo hilo nikirudi kutoka langoni na nimelichukia.

Jumatano, 8 Oktoba

Boga nimelinunua kwa Mama Njeri, jirani yetu, anayeuza mboga kando ya barabara.

"Mwalimu, leo unapika? Haki mvua itanyesha mpaka ziwa lifike stendi."

Alinichagulia moja lenye kikonyo kikavu. Nikaamua kufanya kazi hii kama nilivyofanya maabarani. Boga, kikombe kimoja, lililopikwa kwa mvuke, kupondwa na kuchujwa kwa kitambaa. Maziwa, vikombe viwili. Malai niliyoyaengua asubuhi. Sukari, vijiko vinne. Mdalasini, karafuu mbili, kungumanga iliyokwaruzwa, tangawizi mbichi.

Yamekatika. Sufuria nzima, mabonge juu na maji ya kijani chini.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Lazima ichemshwe kwanza peke yake, ndipo kimeng'enya kife. Kila mama anayepika chai ya tangawizi anajua kuchemsha tangawizi kwanza, hata kama hajui sababu. Mimi najua sababu na nikasahau kuchemsha.

Beatrice aliyaona mabonge. Akafumba macho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kliniki. Kilo arobaini na nukta tisa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Mdalasini ulikwisha, kungumanga pia. Nikachukua mkebe wa masala ya chai. Harufu ilikuwa ile ile, au nilitaka iwe ile ile. Tangawizi safari hii ni ya ndani ya masala, kavu, kwa hiyo maziwa hayakukatika. Nilijipongeza. Rangi nzuri ya chungwa. Nikampa kikombe kikiwa vuguvugu.

Akapiga funda moja kubwa. Kubwa, kwa sababu aliniamini.

Masala yetu ya chai ina pilipili manga. Nchi nzima inainywa na hakuna anayeifikiria kuwa pilipili. Kwenye koo zima ni joto tu. Kwenye koo lililochomwa na mionzi ni moto. Alishika shingo yake kwa mikono miwili na hakuweza hata kulia kwa sauti.

Kiambato hicho kimeandikwa kwenye mkebe, cha tatu kutoka juu. Niliwaadhibu watoto wa watu kwa kutosoma kibandiko kabla ya kufungua chupa.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakikupita kitu. Hata maji amekataa kutoka mkononi mwangu.

Mama Njeri alipita baada ya kanisa. Kutoka kwake alikubali vijiko vinne vya uji. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Niliona wivu. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Vijiko vitatu asubuhi, viwili mchana. Kutoka kwangu, lakini anavinusa kwanza.

Siku ya kwanza hospitalini daktari aliuliza kama nyumbani tunakunywa chai ikiwa moto sana. Asema huenda huchangia, hakuna ajuaye kwa hakika katika mtu mmoja. Beatrice akajibu kwamba ndiyo, mzee hapendi chai iliyopoa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akijibu swali. Miaka yote hiyo aliinywa pamoja nami, kwa kasi yangu, kwa joto langu.

Sijaweka birika jikoni tangu jana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kilo arobaini na nukta mbili.

Muuguzi alisema, "Mzee, wiki moja imebaki. Mpe chochote anachopenda."

Nikamweleza habari ya krimu kwa kirefu. Alinisikiliza kwa adabu huku akiita mgonjwa mwingine kwa mkono.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeipata.

Boga la pili, tamu kuliko la kwanza. Mdalasini wa vijiti, si wa unga. Karafuu moja tu. Kungumanga kidogo mno. Tangawizi nimeiacha kabisa. Nimechuja mara tatu, nikasubiri ipoe hadi kidole kisihisi joto wala baridi. Kisha kijiko kimoja cha kahawa ya mkebe, kwa ajili ya harufu. Nilionja mwenyewe kwanza. Halafu Mama Njeri akaonja.

"Hii ni uji ya wazungu, Mwalimu. Lakini tamu! Badala ya chaki ungefungua hoteli."

Beatrice amekunywa vijiko vitatu, akaniambia asante, kisha akasukuma kikombe taratibu.

Asante kama ya mgeni.

Nikaenda langoni kumwarifu Nelima. Tulizungumza dakika ishirini. Alinieleza jinsi wanavyochonga maboga kuwa nyuso na kuyaweka milangoni na taa ndani. Alicheka mara moja. Niliporudi, Beatrice alikuwa ameinuka kwenye mito, anatazama mlango.

"Amesema nini?"

Nikamweleza jinsi vipimo vya Nelima na vyangu vinavyotofautiana, na kwa nini vijiti vya mdalasini ni bora kuliko unga. Ya zile nyuso niliyasahau.

Akageukia ukutani. Sielewi. Nimefanya alichoomba, na safari hii nimekifanya sawasawa.

Jumapili, 19 Oktoba

Vijiko vitano siku nzima. Krimu imeanza kuchacha kwenye friji. Nimeimwaga.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya kitaifa. Mvua tangu mchana. Nilikuwa namenya boga la tatu nikiwa nimeketi karibu na kitanda, nikimweleza kwamba pengine kosa lilikuwa sukari.

"Mwalimu."

Ananiita hivyo akikasirika. Vinginevyo mimi ni Baba Nelima.

Ilimchukua muda mrefu kusema yaliyofuata, na alipumzika kati ya maneno. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Hiyo kitu sikuipenda hata siku moja. Ilikuwa na ladha ya sabuni."

Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa chupa nzima.

"Mtoto aliibeba kutoka mbali."

Na kwa nini aliiomba sasa?

"Hungejua kuipika. Ungempigia."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Ukampigia," akasema. "Ukapeleka simu kwa geti."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa na maelezo. Damu ya Agosti, mtandao, daktari aliyesema asisumbuliwe. Yote ni kweli. Niliweka kisu na boga chini.

Kwa miezi miwili na zaidi nimemweleza Beatrice habari za mtoto wake kama somo. Hajasikia sauti yake. Nilidhani namlinda. Nafikiri nilijilinda mimi, maana siwezi kuvumilia wanawake hao wawili wakilia na mimi sina la kufanya.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempigia Nelima mara tatu tangu asubuhi. Yuko zamu mbili mfululizo, simu imezimwa. Beatrice alikuwa anaitazama simu mkononi mwangu kila mara. Vijiko vinne.

Jumatano, 22 Oktoba

Ujumbe wa maandishi tu. Zamu zake zinaisha Ijumaa. Nimemsomea Beatrice ujumbe wote, hata salamu, bila kuongeza neno.

Vijiko vitano. Najua hesabu. Havitoshi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kilo thelathini na tisa na nusu.

Wameahirisha. Daktari aliniambia mimi, akinitazama mimi. Nikageuka kumweleza Beatrice. Aliinua mkono. Alikuwa amesikia. Yuko pale pale, hatua moja kutoka kwenye mizani, na masikio yake hayana uvimbe.

Akauliza mwenyewe, kwa mnong'ono wake, "Mpaka lini?"

Wiki mbili, akajibu daktari, kama uzito utarudi. Kama hautarudi, watazungumza nasi tena. Sote tunajua mazungumzo hayo ni ya nini.

Tulirudi kwa matatu. Kabla ya kushuka aliniwekea mkono kwenye goti. Haukuwa na uzito wowote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nelima alipiga saa tisa mchana. Sikwenda langoni. Nimeweka simu kwenye mto, kando ya sikio la mama yake, na kuongeza sauti hadi mwisho. Mtandao chumbani ni mbovu kweli. Maneno yalikatikakatika. Hakuna aliyejali.

Walilia. Nilibaki kitini. Hakuna damu iliyotoka.

Kisha Nelima akaanza kusimulia. Mti ulio mbele ya dirisha lake umebaki na majani machache, mekundu. Kikongwe mmoja anayemtunza humwita kwa jina la dada yake aliyekufa, naye Nelima huitika. Halafu zile nyuso za maboga milangoni.

"Na mbegu?" Beatrice akauliza. "Mbegu wanafanyia nini?"

"Wanatupa, Mama."

"Wanatupa?"

"Kwa pipa la takataka, Mama. Zote."

"Wajinga," akasema Beatrice.

Akacheka. Kicheko kilikuwa kama karatasi inayokunjwa. Nelima naye akacheka huko aliko, na kwa muda chumba kilikuwa na sauti mbili.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa matupu, bila boga, bila kiungo, vuguvugu. Kila alipoacha kusema ili asikilize, nilikileta mdomoni mwake, naye alikunywa bila kunusa. Simu ilipokatika, kikombe kilikuwa nusu. Sikuhesabu vijiko. Daftari la kliniki halina kitu leo.

Mbegu za maboga yangu matatu nimezianika kwenye sinia. Nilikuwa nimeziweka juani. Ameniambia nizitoe, mbegu za kupanda hukaushwa kivulini. Sikujua. Nimezihamisha chini ya kitanda chake, ambako anaweza kuziona akigeuza kichwa.

Sasa amelala. Mvua imeacha. Simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo. Nimeichomeka kwenye soketi ya kichwani pake, si ile ya sebuleni, na nimeiacha hapo.