Viatu vya Mama Tulivyoshona Wakati wa Joto

Kwa Fundi Viatu,
Nyumba ya kona, ubavuni mwa kibanda cha mpiga pasi,
Jumapili, jua likiwa utosini.

Mpendwa binti yangu,

Pokea salamu za baba yako. Nimezifunga vizuri zisiyeyuke njiani, maana jua la huku sasa halina adabu. Hujambo, mama? Mgongo wako je? Na hiyo miguu uliyosema inawaka moto ukimaliza zamu huko unakofua mashuka ya hoteli, imepoa? Unakula, au unakunywa chai halafu unasema umekula? Usinidanganye, mimi ndiye niliyekulea.

Mimi sijambo. Goti hunigomea asubuhi, likishapata moto linatii. Ng'ombe hazeeki maini. Juzi mlinzi wa benki kaniletea buti lililomshinda kijana wa mtaa wa pili, yule mwenye mashine ya umeme. Nimelishona kwa mkono, na sasa hata akilitupia mamba, mamba atalirudisha.

Watoto wako wote watatu wazima. Naandika mwenyewe. Bibiye, huyo mkubwa wako anayejiona ndiye mke wangu, alitaka kushika kalamu nikamkatalia. Shuleni nilikaa kidogo, lakini sikukaa bure. Na sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami nikikatizwa napandisha hasira. Karatasi haijibizani na mzee. Mwalimu wa jirani anasafiri kesho kuja huko, atakukabidhi hii mkononi kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ndiyo naisemea. Najua umepatana na wifi yako aje awachukue watoto, wakakae kwake mpaka joto lipungue, kwa kuwa ana kiyoyozi na nyumba yake ina sakafu ya marumaru. Mimi sina neno na wifi yako. Ni mtu wa watu. Lakini umeamua kwa maneno ya mpiga pasi, na yule akiona moshi wa kibiriti hutangaza mji umeungua.

Ni kweli Mchwa alianguka. Huyo wa kati ni mbishi, sijui karithi kwa nani. Nilimkataza kucheza mpira mchana, akatoroka, jua likampiga, macho yakageuka. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi zahanati, na goti hili hili. Nesi akammwagia maji, akamnywesha, mtoto akainuka kuuliza kama timu yake imefunga. Nesi akasema, kuanzia jua linapokuwa kali hadi alasiri, watoto wasitoke. Basi. Neno la nesi nimelishika kuliko mpiga pasi alivyolishika kulipeleka kwako.

Sasa wewe niambie, utawafungia watoto watatu katika vyumba viwili uwafanyeje? Mwanzo niliwaamuru walale. Walilala kama samaki kwenye kikaango. Mchwa akamkalia mdogo wake, mtungi wa maji ukavunjika, Bibiye akaanza kututawala sote. Na Kitinda wetu, mdogo wao, hakugombana na mtu. Aliketi kando ya mlango uliofungwa, kama anavyoketi tangu ulipoondoka, akisikiliza nyayo za wapita njia. Hilo sikukwambia, na hilo ndilo lililonikosesha raha, si mtungi.

Nikaona dawa ni kazi. Nimefunga kibanda mchana, karakana nimeihamishia chumbani kwangu. Ndiyo, chumba changu chenye madirisha mawili. Sasa wanalala wao humo na mimi nalala huku mbele. Kunapendeza, usinionee huruma.

Nimewapa maboksi, vipande vya ngozi, nyuzi na vifungo. Gundi yangu ya dukani inapanda kichwani, kwa hiyo tumepika yetu kwa unga wa ngano na maji. Mchwa kaionja akasema inakosa sukari. Ametengeneza lori, magurudumu yake ni visigino vya viatu vya mteja wangu, yule mama mwokaji wa mikate, ambaye bado anauliza viatu vyake viko wapi. Bibiye kashona mkoba na kunitajia bei ambayo hata mimi sijawahi kumtoza mtu. Mpiga pasi akachungulia dirishani: “Mzee, umefungua chekechea?” Nikamjibu, “Ni chuo kikuu. Wewe alama zako hazitoshi.”

Sasa sikiliza. Unajua mimi siwezi kukata kiatu bila karatasi. Mteja husimama juu ya karatasi, nazungusha kalamu, mguu unabaki pale hata yeye akienda zake. Nikawafundisha hivyo. Wakachorana miguu, sakafu ikajaa nyayo. Kitinda akatoka mlangoni mwenyewe, bila kuitwa. Akakagua nyayo zote, halafu akaniuliza, “Babu, wa mama uko wapi?”

Nikamwambia, huo ninao kichwani. Mguu niliowahi kuupima siusahau, muulize yeyote mtaani. Nikauchora hapo hapo, bila kuinua kalamu, na kidole chako cha pili kinachojidai kuwa kirefu kuliko cha gumba. Watoto wakausogelea kuutazama. Nami nikavimba, nakwambia kweli.

Basi tukashona viatu vya mama. Mimi nilikata, kwa ngozi laini niliyokuwa nimeiweka kwa ajili yangu. Mchwa alitoboa matundu, Bibiye akapitisha uzi, na Kitinda ndiye aliyesugua nta. Ukimpokonya kitambaa analia. Mchana ulipita hatukuusikia, na jioni mlango ulipofunguliwa hakuna aliyekimbilia nje. Kitinda aliongea, mwanangu! Aliongea mpaka nikatamani anyamaze kidogo. Mama atavivaa akienda kazini, mama havitambana, mama akivivaa atatembea upesi.

Vilipokwisha tukaviweka mezani. Vizuri sana, mkono huu haujui kutengeneza kibaya. Bibiye akavitazama, akainamisha kichwa vile unavyofanya wewe ukitaka kunikosoa.

“Babu, mama ana mguu mdogo hivi?”

“Mtoto wa juzi, utanifundisha mguu wa binti yangu?”

Alivua kandambili zake, akavivaa. Vikamkaa kama alizaliwa navyo.

Nilisema ngozi imesinyaa kwa joto. Mchwa akacheka hadi akashika tumbo. Nikasema basi ni karatasi iliyosinyaa. Kisha nikaona nitazame vizuri, nikakumbuka. Ule ni mguu wako kweli, sikukosea hata unywele. Ila ni mguu wa mwaka ule mama yako alipotuacha, nilipokushonea viatu vyeusi ukanishika shingo nikikufunga kamba. Umekua, umeolewa, umezaa, umevuka mipaka, na mimi kichwani nimekuweka hapo hapo.

Kitinda ndiye aliyeniweza. Alimtazama dada yake kavaa vile viatu, akauliza, “Kwa hiyo mama hana mguu?” Akarudi kukaa kando ya mlango.

Mwanangu, nimewapigia watu viraka maisha yangu yote, lakini hapo sikuwa na kiraka. Niliketi chini naye, goti likalia, tukakaa wote tunasikiliza nyayo. Mwishowe nikamwambia mama ana mguu, tena mkubwa wa kutosha kumfikisha hapa, ila babu hajaupima siku nyingi. Akaniambia, “Mwambie aulete.” Ndiyo maana naandika.

Ndani ya bahasha nimekunja karatasi ya kahawia. Kaichagua Kitinda. Itandike sakafuni jioni ukitoka kazini, wakati miguu imevimba, maana kiatu kilichopimwa asubuhi humuonea mtu jioni. Simama wima, usiketi. Mwenzako ndiye akuchore. Ukijiinamia mwenyewe mguu unadanganya. Kalamu iwe imesimama. Miguu yote miwili, haijawahi kulingana. Usiipunguze kwa urembo. Nataka mguu ulio nao leo.

Na kuhusu Jumamosi. Wewe ni mama yao, na mimi sitagombea watoto mlangoni kama wauza samaki. Ukisema waende, nitawafunga mizigo mwenyewe, na wifi yako nitamwambia Kitinda halali bila taa. Lakini ukiniuliza, na hujaniuliza, nasema waache hapa. Kwa shangazi yao kuna ubaridi, ila hakuna nyundo, na hawawezi kukushonea viatu juu ya marumaru za watu. Mchwa hatoki tena mchana, ufunguo naulalia. Na nikiona joto linawashinda, nitawapeleka kwa wifi yako kwa miguu yangu, bila kungoja mpiga pasi akuambie. Hilo nimelisema mimi, unanijua.

Bibiye anakusalimu, amevaa hivyo viatu hata kitandani. Mchwa anakusalimu, anaomba usiandike habari za mwokaji popote. Nesi wa zahanati anakusalimu. Hata mpiga pasi, pokea salamu zake, ni jirani. Wifi yako nitamsalimia mwenyewe nikimwona, na usiponikubalia, itakuwa Jumamosi.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupunguzie uzito wa mashuka, akuongezee usingizi. Namaliza, maana Kitinda ameng'ang'ania kuifunga bahasha yeye na gundi yetu ya unga. Nimemuuliza atakaa wapi sasa akikungoja. Amesema mezani, kwa sababu kuna kazi.

Ni mimi nikupendaye, mkubwa mdogo, vyovyote ulivyo,

Baba yako, Fundi.