Zamu ya Maji kwa Jina Lako

Eliamini rafiki yangu,

Imekubali! Nasema imekubali, wewe! Ungekuwepo ungeniambia nipunguze sauti, kama ulivyokuwa ukinisema kila nikicheka ofisini. Sipunguzi. Leo hapa Kihurio nina haki ya kupiga kelele.

Unakumbuka tulipokuwa tumefika kabla hujaumwa. Wakulima wote wa mfereji walikuwa wanaiona dashibodi yetu kwenye simu: nani ana maji sasa, nani anafuata. Kuona tu. Ili rejista ya zamu ibadilike ilibidi umpigie katibu wa mfereji, naye akiwa kwenye basi la Same au kanisani, jina la jana linabaki palepale. Wa juu wanaendelea kujaza mashamba yao huku wakikuonyesha simu: si unaona, bado ni zamu yangu. Walio chini kabisa ya mfereji, mama yako akiwa wa mwisho, wanabaki kutazama udongo unavyopasuka. Ulikuwa unakereka! "Nakijwa, tumewatengenezea watu kalenda ya ukutani," ulisema.

Sasa si kalenda tena. Tangu tukuzike kule Gonja sikuwa na hamu hata ya kuiwasha ile kompyuta, nakwambia ukweli. Siku nilipoiwasha nikakuta kazi yako karibu yote iko tayari. Nikalia, kisha nikakaa nikamalizia. Mkulima anabonyeza "Nimemaliza" hapohapo kwenye dashibodi, meseji inamwendea anayefuata, na huyo akibonyeza "Nimepokea", rejista ya wote inajibadilisha yenyewe. Katibu anaweza kulala usingizi wake.

Hicho kitufe cha pili ni chako. Mimi nilitaka kimoja tu, mambo yaende haraka. Ukanijibu, "Maji hayaachwi njiani kama mbuzi, yanakabidhiwa." Umelelewa na ndiva za milimani, yale mabwawa ya ukoo, ambako mtu haondoki kwenye mlango wa maji mpaka mwenzake afike wasalimiane. Tulibishana mpaka chai ikapoa, ukanishinda.

Leo ndiyo mara ya kwanza kuuachia mfumo mfereji mzima. Niliketi ofisini nikitazama majina yanavyogeuka kijani, kutoka juu kushuka chini, bila mtu kugombana. Bila mtu kugombana, Eliamini, kwenye mfereji huu! Hata Baba Happy, yule jirani wa mama yako anayependa kuziba maji kwa magunia, akabonyeza "Nimemaliza". Likafuata jina la mwisho.

Jina lako.

Nikainuka kitini. Shamba la mama yako ulilisajili wewe, kwa namba yako, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Meseji ilikuwa imekwenda kwenye simu ya marehemu, na isipopokelewa upesi zamu inarudi juu. Mpunga wake ndio kwanza unachanua. Akikosa maji sasa, atavuna mapepe matupu. Nikatoka mbio, nikadandia bodaboda, nikamwambia dereva akimbize, mimi ninayeogopa pikipiki kama nini!

Katikati ya njia simu ikalia mkononi mwangu. Rejista imebadilika: Eliamini, amepokea.

Nilifika shambani. Mama yako alikuwa ndani ya jaruba, maji yanamfika vifundoni, simu yako ameifunga kwenye ncha ya kanga. Kumbe kila siku anaichaji kwenye sola. Kwa nini anaichaji, sikumuuliza. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanionyesha kile kitufe. "Eli alinifundisha hiki alipokuwa bado anakijaribu. Alisema meseji ya maji ikiingia, nibonyeze." Na Baba Happy alikuwa bado amesimama pale kwenye mlango wa maji, jembe begani, hajaondoka mpaka ahakikishe mama amepokea. Nilicheka na kulia kwa pamoja, mbele ya dereva wa watu.

Nikamwomba ruhusa niweke jina lake kwenye rejista badala ya lako. Akakataa katakata. Amesema mpunga huu uliupandikiza wewe kwa mikono yako, basi uvunwe kwanza kwa jina lako.

Haya, pumzika, rafiki yangu. Nina furaha mpaka naona aibu kuwa nayo bila wewe. Nakuahidi hivi: tukishavuna, nitakaa chini na mama yako, nitalitoa jina lako herufi kwa herufi na kuandika lake. Mengine yote ya mfereji yatajiendesha yenyewe. Hilo moja nitalifanya kwa mkono wangu.

Nakijwa