Wasikilizaji wa Darasa la Saba

Kibondo, Ijumaa jioni, Mei 1976

Mvua imeacha tangu saa nane, lakini mawingu bado yamelala upande wa Kitahana, mazito, na chumba changu kinanuka nguo mbichi. Nimefunga mlango kwa komeo ingawa jua halijazama. Wiki tatu hizi sikuwa na mtu ninayemwamini, na tangu jana nimejiongeza mwenyewe kwenye orodha.

Naandika leo leo, kabla sijaanza kujitafutia sababu.

Mwanzo wake ni rundo la mafaili. Afisa Elimu aliniwekea mezani matokeo ya darasa la saba ya miaka minne, shule zote za wilaya, akataka jedwali moja la kuonyesha zipi zinapanda, zipi zinashuka, na kwa nini. Tangu waliponitoa darasani na kunileta ofisini, hiyo ndiyo kazi yangu. Nina mashine ya kujumlisha ya mkono, karatasi za miraba na penseli tatu za rangi. Naipenda kazi hii, na sioni haya kusema hivyo. Baba yangu, kule dukani kwake Kasulu, huwaambia wateja kwamba binti yake Zaituni anazisoma shule kama daktari anavyosoma damu.

Shule moja ilinishtua. Iko upande wa Nyabibuye, karibu na mpaka, na jina lake siliandiki hata humu. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa ya mwisho au karibu na mwisho. Mwaka jana ikaruka hadi nafasi ya pili. Nilichora mstari wake upya, nikidhani mkono umeteleza. Haukuteleza.

Nikawaza wizi wa mtihani. Nani asingewaza hivyo?

Afisa Elimu alilitazama jedwali, akaweka kidole pale mstari unapopanda, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwalimu mkuu wa pale tumempata. Akaniagiza niende mwenyewe, bila kupeleka habari.

Nikajiandaa kama mpelelezi. Nilitunga maswali kumi na tano ya hesabu, nikayachapa mwenyewe kwenye stensili, nikatoa nakala mwenyewe, kisha nikaichoma stensili nyuma ya ofisi kwa sababu nilimshuku tarishi. Nakala zilikuwa kumi na sita: kumi na tatu kwa watahiniwa walioandikwa kwenye faili la shule mwaka huu, na tatu za akiba. Jana alfajiri dereva wetu, Bukuru, aliponiuliza tunakwenda shule gani, nilimwambia aelekee Nyabibuye tu, nitamwonyesha mbele ya safari. Naye nilimshuku. Bukuru, ambaye amewahi kunibebea kuni wakati nina homa.

Landrova ilinasa kwenye tope kabla ya kufika, nikamwacha akihangaika nayo, nikamalizia kwa miguu.

Mwalimu mkuu anaitwa Gervas. Ni mtu mwembamba, umri umekwenda, koti lake lina viraka vya viwiko vilivyoshonwa vizuri. Alinipokea vizuri mno. Alinitolea kiti chake, akatuma nipewe maji ya kunawa tope, hakuuliza nimefuata nini. Nikajiambia kwamba mtu asiyeuliza ameshajua.

Nilimweleza nataka kuwapa darasa la saba jaribio dogo. Akasema sawa. Tukaingia darasani.

Watoto wakasimama kuniamkia, na mimi nikahesabu vichwa, kwa mazoea tu. Thelathini na mmoja. Nikahesabu tena. Faili langu lilisema kumi na tatu.

Mwalimu Gervas alichukua karatasi mkononi mwangu, akazigawa kwenye madawati ya mbele. Zilipofika kumi na tatu akaacha, akanirudishia tatu. Watoto wa nyuma hawakunyoosha mkono wala kulalamika. Walikaa tu, mikono juu ya meza, kama watu waliozoea.

Nilimuuliza wale ni nani. Akajibu, "Wale ni wasikilizaji."

 Nikatembea hadi nyuma nikiwa na karatasi zangu tatu, nikampa moja msichana aliyekuwa ameshaanza kufanya swali la kwanza kwa kulichungulia begani mwa mwenzake. Hakuipokea. Alimtazama mwalimu wake kwanza, kisha mimi, akasema kwa upole, kwa Kiswahili chenye sauti ya ng'ambo ya mpaka, "Shikamoo mwalimu. Mimi sihesabiwi."

Nilimwambia afanye tu.

Anaitwa Spesioza. Nilisahihisha karatasi pale pale, Mwalimu Gervas akiwa amesimama dirishani. Wale kumi na tatu walifanya vizuri, kila mmoja kwa makosa yake, hakuna aliyenakili kwa jirani. Hakukuwa na wizi. Watoto wamefundishwa, basi. Na Spesioza alipata kumi na tatu kati ya kumi na tano. Ni mvulana mmoja tu wa mbele aliyemzidi.

Hapo ndipo niliporudi kuwa mpelelezi, mkali kuliko nilivyokuja. Nilimuuliza Mwalimu Gervas kwa nini ameficha watoto kumi na nane. Alinieleza bila haraka. Wengi wao walivuka mpaka na wazazi wao miaka minne iliyopita. Hesabu wanaziweza lakini Kiswahili cha mtihani kinawakwaza. Wengine walikosa shule wakati wa kuhamia kijiji kipya. Spesioza aliumwa nusu ya mwaka jana, na siku ya kuchagua majina alikuwa nyuma kimasomo. Hakumfukuza hata mmoja. Aliwaambia waje, wakae, wasikilize.

"Lakini kwa nini uchague?" nikasema. "Nani alikwambia uchague?"

Akafungua kabati, akatoa faili, akaniwekea mbele waraka mmoja wa ofisi yetu. "Ninyi," akasema.

Nilianza kuusoma, nikafika mstari wa tatu nikasimama. Shule zihakikishe zinaandikisha watahiniwa wenye matumaini ya kufaulu, ili wastani wa wilaya usivutwe chini na wasio tayari. Sahihi ni ya Afisa Elimu. Pale chini kushoto, kwa herufi ndogo, zipo herufi za mwanzo za jina la mtu aliyeuandaa.

Ni zangu.

Niliuandika mwaka jana, nikiwa na wiki ya tatu ofisini. Jedwali langu la kwanza lilikuwa limeonyesha kwamba shule zinazoandikisha wengi hufaulisha wachache katika kila mia, nikaona nimegundua kitu. Afisa Elimu alinisifu mbele ya wote. Nilisahau neno "matumaini" lina watoto ndani yake. Na jedwali la pili, hili la juzi, halikupima ufundishaji wa mtu yeyote. Lilipima utiifu kwa waraka wangu.

Mwalimu Gervas hakunilaumu. Alifunga faili, akauliza kitu kimoja: "Mwaka jana mliniandikia nipunguze. Leo umekuja kunikamata kwa kupunguza?"

 Nilikuwa na fomu tupu za watahiniwa mkobani, kwa sababu siku zote natembea nazo, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa leo. Nikamwambia tuwaandike wote. Alitikisa kichwa. Alikuwa ananishuku, na haki alikuwa nayo. Matokeo yakishuka, nitakuwa Kibondo mezani kwangu na yeye atakuwa amehamishwa. Akataka maandishi.

Basi nikachana karatasi ya miraba, nikaandika kwamba mimi, niliyeandaa waraka ule, nimemwomba mwalimu mkuu aandikishe wanafunzi wote wa darasa la saba, na lawama yoyote ije kwangu. Nikatia sahihi na jina kamili. Cheo cha kuandika barua ile sina. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kwenye faili hakuiweka.

Kisha akaanza kuita majina na mimi nikaandika, hadi honi ya Bukuru iliposikika barabarani.

Leo asubuhi bahasha ya fomu ilipaswa kwenda Kigoma, na barua ya juu lazima isainiwe na Afisa Elimu. Aliona kumi na tatu imegeuka thelathini na moja. Nilimwambia yote, na la waraka nilimwambia. Aliniuliza kama najua wastani wa wilaya utashuka na mkoani watatuuliza mimi na yeye. Nikasema najua. Akauliza wazo la ule waraka lilikuwa la nani.

"Langu," nikasema.

"Lakini sahihi ni yangu," akasema.

Akaivuta ile barua ya juu karibu. Halafu akasaini. Nilidhani yameisha, ila nilipokuwa natoka aliniomba nimletee faili la nyaraka za mwaka jana. Akaliweka kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo. Mchana kutwa nimekuwa nikijiuliza amelifungia nini. Kunilinda? Kujilinda? Au anatunza zile herufi ndogo za chini kushoto kwa siku atakayozihitaji? Sijui. Hajanisemesha tena.

Bahasha nimeipeleka mwenyewe hadi kwenye lori la Kasulu, njia ya Kigoma. Nimesimama matopeni hadi lilipopotea kwenye kona. Spesioza atafanya mtihani. Hilo halina shaka, na mchana wa leo ni hilo peke yake lisilo na shaka.

Nilirudi ofisini nikiwa mwepesi, nikakaa, nikavuta jedwali kulikunja. Ndipo nikaona mistari mingine inayopanda. Sita. Mitatu inapanda mwaka ule ule, kwa namna ile ile.

Waraka haukwenda shule moja. Ulikwenda zote. Mimi ndiye niliyezilamba gundi bahasha zake, moja baada ya nyingine.

Na fomu zimefungwa leo saa sita.

Jumatatu nitaongeza safu mpya kwenye jedwali, kabla ya safu ya waliofanya mtihani: walioanza darasa la tano, ili wanaoachwa njiani waonekane. Afisa Elimu akiikata nitaichora tena. Ila hiyo ni ya mwaka ujao. Mwaka huu, katika shule hizo, wameketi wangapi kwenye madawati ya nyuma, mikono juu ya meza, wakisikiliza?