Noeli Bila Mshumaa

Uvira, Rugenge, 29 Novemba 1964

Mwanangu Gloriose,

Jambo mingi kwako, kwa mume wako Félicien, na kwa mjukuu wangu Sévère. Minye niko muzima, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia. Barua hii namkabidhi mjomba wako Cyprien, anayepeleka samaki wa ndagala sokoni huko Bujumbura.

Leo padri ametangaza Majilio. Tangu mapigano yaishe mjini mwezi wa kumi, sijasikia watu wakiimba namna ile. Nimeanza kutengeneza nyumba. Ukuta wa mbele nimeukandika upya, na Noeli nitapamba kama zamani: matawi ya ngazi, ile michikichi yetu, mlangoni, maua mekundu, mishumaa dirishani. Muje nyote. Njia ya mpakani Kavimvira iko wazi, watu wanapita.

Ni minye mama yako,
Apolline

Bujumbura, Buyenzi, 6 Desemba 1964

Mama mpenzi,

Salamu nyingi sana. Goti lako likande kwa maji ya moto, na kazi ya shamba uwaachie wengine kwanza. Sisi hatuna homa, na Félicien bado ana kazi bandarini.

Mama, usikasirike. Noeli hatutakuja. Kuna jambo sikukuambia. Tangu paa la nyumba yetu ya huko Kalundu lishike moto siku za mapigano tukiwa ndani, Sévère hawezi kuuona moto. Mtu akiwasha kiberiti tu, analia mpaka anatapika. Tunakula jua likiwa bado juu, na kupika napikia kwa jirani. Nitamletaje penye mishumaa yako? Félicien anasema mtoto atasahau. Minye sioni akisahau.

Utuombee.

Binti yako,
Gloriose

Uvira, 12 Desemba 1964

Mwanangu,

Nawasalimu tena. Goti limepoa kidogo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Sikukasirika.

Sasa weye sikiliza. Mishumaa yote nimempa jirani yangu Consolate. Jiko nimelihamishia mwisho wa lupango, pembezoni mwa kiwanja, nyuma ya migomba, na mbabula ya makaa haiingii tena ndani hata mvua inyeshe. Nyasi kavu kuzunguka nyumba nimezifyeka. Pipa la maji liko mlangoni. Matawi ya ngazi nitayakata siku ileile, yakiwa mabichi, maana yakikauka yanashika moto kama karatasi. Na misa ya usiku mwaka huu haiko. Basoda wa serikali wamekataza watu kutembea jua likizama, kwa hiyo padri ataisoma mchana. Mwanga wa jua utatutosha.

Bado maua tu. Ule mti wa maua ya rangi ya waridi, ambao masista wanauita lorie-roz, umechanua vizuri kwenye ua. Naweza kuuingiza ndani?

Mama yako,
Apolline

Bujumbura, 17 Desemba 1964

Mama mpenzi,

Tumshukuru Mungu kwa goti lako. Barua yako nilimsomea Félicien kwa sauti. Nilipomaliza alisema twende.

Mti ule usiuingize ndani, wala vijiti vyake usichomee samaki. Ni sumu kuanzia jani mpaka ua. Masista walitufundisha hivyo nilipokuwa nikiwasaidia, na Sévère hutia kila kitu kinywani. Yale mekundu yanafaa, lakini maziwa yake yanawasha macho. Yafunge juu, asiyafikie. Ngazi na majani ya migomba hayana neno.

Tutavuka tarehe 23, Mungu akipenda.

Gloriose wako

Uvira, 2 Januari 1965

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini mlifika salama na mtoto hakupata kikohozi cha njiani. Tangu muondoke nyumba imenyamaza.

Kuna neno sikulisema mbele yake. Mlipokwenda misa nikabaki naye, alikaa chini ya matawi akitazama paa. Halafu akaniuliza, "Koko, nyumba yako itaungua siku gani?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza siku ya soko.

Nilitaka kumwambia haitaungua kamwe. Lakini nadhani hata nyinyi mlimwambia hivyo kule Kalundu. Nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu. Njoo nikuonyeshe maji yako wapi."

Tukazunguka. Nilimwonyesha pipa, ndoo ya mchanga, na mlango wa nyuma, ambao siufungi kwa komeo. Nilimwonyesha na kijia cha kwenda kwa Consolate. Akataka kupita mlango ule peke yake. Akapita, akarudi, akapita tena, mwisho akawa anacheka. Ndiyo maana mlimkuta amelala jamvini na miguu imejaa matope. Nilisema nimemchosha kwa hadithi, maana niliogopa mngeona nimemtisha. Kama nilikosea, uniambie.

Mama yako,
Apolline

Bujumbura, 10 Januari 1965

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukitembea vizuri. Sisi tuko salama.

Hukukosea. Jana jirani alikuwa akiwasha taa, mafuta yakamwagika, moto ukaruka. Sévère alishika kitenge changu, lakini hakulia. Aliniuliza mlango wa nyuma uko wapi. Unajua tunakaa chumba kimoja, mlango mmoja. Nikamwambia hapa hakuna. Akasema, "Basi twende kwa koko."

Félicien alisikia. Tumezungumza tangu asubuhi. Kalundu bado hatuwezi kujenga, ila kwako tunaweza kukaa. Yeye atatufuata mwisho wa mwezi, kazi ya bandarini ikiisha. Minye na mtoto tunavuka Jumamosi pamoja na mjomba Cyprien.

Najua ungetaka kuandika kwamba fasi ya kulala iko na tusisitesite. Usiandike, Mama. Barua haitanikuta huku.

Mtoto wako,
Gloriose