Presha ya Mama

Jumapili, Kimara

Labda ni uchovu tu. Keshokutwa narudi Madagaska kujitolea mwaka mwingine, kupita nyumba kwa nyumba nikipima watu presha. Nilidhani nitalia, au nitafurahi. Sisikii kitu.

Leo nilimwomba Mama lile daftari. Nilipoondoka mwaka jana nilimwachia mashine ya presha, nikamwambia ajipime kila asubuhi na kuandika. Kweli kaandika, hajaruka hata siku moja. Kila siku 120 kwa 80. Hata siku aliyozikwa Baba, nami sikuwepo.

Nikaitafuta mashine. Ipo kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zake ziko kwenye rimoti ya tivii.

"Si umeona mie mzima?" Mama akauliza kutoka jikoni. "We nenda mwanangu, wagonjwa wako wanakusubiri."

Mashine yangu ya kazi ilikuwa juu kabisa kwenye begi. Ningeweza kumpima palepale, dakika moja tu. Lakini nikimpima nitajua, na nikijua siondoki.

"Nimeona, Mama," nikamjibu. Nikavuta zipu ya begi mpaka mwisho.